Mzalendo: tathmini ya tovuti inayofuatilia wabunge tuliowachagua

Uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 ulileta Bunge la 13 la Kenya, na kwa hesabu ya Katiba ya 2010 Bunge hilo ni kubwa. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa wanawake 47 kutoka kaunti zote, na 12 wanaoteuliwa kupitia orodha za vyama, mbali na Spika. Seneti nayo ina maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa. Hao ni watu 416, na kila mpiga kura ana haki ya kusema kwamba watatu kati yao wako pale kwa niaba yake moja kwa moja: mbunge wa eneobunge lake, mwakilishi wa wanawake wa kaunti yake, na seneta wake. Jaribu kumuuliza jirani awataje wote watatu kisha aeleze angalau jambo moja ambalo kila mmoja amelizungumzia bungeni mwaka huu. Wengi watamtaja wa kwanza, watasitasita kwa wa pili, na kuhusu kauli za yeyote kati yao hawatakuwa na la kusema, ingawa walipanga foleni tangu alfajiri ili kuwachagua.

Huduma ninayoitathmini hapa ilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Mzalendo ni tovuti, na sasa pia ni shirika, inayokusanya taarifa za wajumbe wa mabunge yote mawili na kuziweka mahali pamoja ili mwananchi azisome bila malipo. Nimeitumia kwa muda mrefu, kwa uangalifu zaidi tangu uchaguzi huo wa 2022, na msimamo wangu ni kwamba sehemu yake bora ndiyo isiyosomwa sana, na sehemu inayotangazwa kila mahali ndiyo inayohitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Chimbuko lake linaeleza mengi kuhusu thamani yake. Kati ya mwaka 2005 na 2006, Bunge la wakati huo, lenye wabunge 210 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa chini ya katiba ya zamani, lilikuwa na tovuti iliyofungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao, yaani elimu yao na kazi walizowahi kufanya, ulikuwa umewekwa wazi kwa umma. Ory Okolloh, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi, jukwaa la mtandaoni la kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, alishirikiana na Conrad Akunga kuanzisha tovuti ya kujitolea iliyorudisha taarifa hizo mikononi mwa wananchi. Kumbukumbu rasmi za mijadala, ambazo wengi wetu tunaziita Hansard, zilikuwa shida kuzipata kwa mtu asiye karibu na majengo ya Bunge. Mwaka 2012 tovuti ilijengwa upya kwa msaada wa mySociety, shirika la Uingereza lenye uzoefu wa kuendesha TheyWorkForYou, ambayo inafanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa wabunge wa huko. Ninapoifungua leo sisahau kwamba ilizaliwa kwa sababu wawakilishi fulani hawakutaka watu waliowachagua wajue walisomea wapi.

Kazi yake ya msingi ni rahisi kuieleza. Unamtafuta mjumbe kwa jina lake au kwa kiti chake, unafungua ukurasa wake, na unaona chama chake, eneo analowakilisha na, hili ndilo kubwa, maneno aliyoyasema ndani ya ukumbi wa Bunge kama yalivyonakiliwa katika Hansard. Tovuti rasmi ya Bunge nayo huweka Hansard hadharani siku hizi, na si haki kuisahau hatua hiyo, lakini huiweka kama taarifa ya kikao kizima, kurasa baada ya kurasa, na chini ya kila ukurasa kuna ilani kwamba nakala ya kielektroniki ni ya kupasha habari tu na kwamba nakala iliyothibitishwa hupatikana kwa maafisa wa Hansard. Mtu anayetaka kujua mbunge wake alisema nini kuhusu bei ya mbolea katika msimu mzima wa vikao atalazimika kufungua nyaraka nyingi na kuzipekua moja moja. Mzalendo huigeuza kumbukumbu hiyo upande wa pili: badala ya kuipanga kwa tarehe ya kikao, huipanga kwa jina la msemaji. Badiliko hilo moja ndilo linalomfaa mpiga kura kuliko jingine lolote, kwa sababu yeye alichagua mtu, hakuchagua kikao.

Nilitenga jioni kadhaa kusoma yote aliyoyasema mbunge wangu, ambaye sitamtaja kwa kuwa jina lake si hoja ya tathmini hii. Kilichonishangaza ni jinsi maneno ya mtu yanavyobadilika uzito yakisomwa kwa mfululizo. Mchango mmoja wa dakika tano unaweza kuonekana wa maana sana ukiusikia peke yake katika taarifa ya habari, lakini ukisoma ishirini mfululizo unaanza kuona mazoea ya msemaji: hoja anazozirudia, mada anazozikwepa, mara anazosimama kuunga mkono tu bila kuongeza neno, na mara chache ambazo ni dhahiri kwamba amesoma mswada wenyewe kifungu kwa kifungu. Unajifunza pia kutofautisha aina za kusimama. Hoja ya nidhamu inaweza kuwa sentensi moja ya kumkatiza mwenzake. Ombi la taarifa kuhusu barabara au hospitali humfanya mwenyekiti wa kamati husika atafute majibu na kuyaleta ukumbini. Kuwasilisha malalamiko rasmi ya wananchi, haki inayotambuliwa na kifungu cha 119 cha Katiba, ni kazi ya kuwasikiliza watu kwanza. Zote hizi ziko pale, zimewekwa chini ya jina moja, na msomaji mwenye subira atapata picha ambayo mkutano wa hadhara hauwezi kumpa.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili kuna tatizo ambalo naliona kubwa kuliko wengi wanavyolichukulia. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Bunge la Taifa lina tafsiri ya Kiswahili ya Kanuni zake za Kudumu. Kanuni hizo zinamtaka mjumbe aliyeanza hotuba yake kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo, na ndiyo maana katika Hansard unakuta michango mizima ya Kiswahili, mingine iliyosanifiwa vizuri kiasi cha kufaa kufundishiwa darasani. Lakini sehemu kubwa ya tovuti, pamoja na ripoti zake, imeandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kwale au kijana wa Garsen anayezungumza Kiswahili kutwa nzima analazimika kupita kwenye mlango wa Kiingereza ili ayafikie maneno ya mbunge wake ambayo huenda yalisemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kuna hasara nyingine iliyojificha: anayetafuta mada kwa neno la Kiingereza hawezi kutarajia kukutana na mchango uliotolewa kwa Kiswahili, kwa hiyo mbunge aliyetetea maji kwa Kiswahili fasaha anaweza kuonekana kana kwamba hakuyagusa kabisa. Ushauri wangu kwa watumiaji ni kutafuta kila mada mara mbili, kwa lugha zote mbili, kabla ya kumhukumu mtu.

Sasa nije kwenye ripoti ya kila mwaka ya utendakazi wa wabunge, ambayo ndiyo iliyoifanya Mzalendo ijulikane hata na wasiowahi kuifungua tovuti yenyewe. Ripoti hiyo huhesabu mara ambazo kila mjumbe amezungumza katika vikao vya Bunge zima, kwa kutegemea Hansard, kisha huwapanga wajumbe kwa makundi na kuwataja waliozungumza zaidi pamoja na wale waliomaliza mwaka wakiwa kimya. Siku inapotoka, vyombo vya habari huichukua kama matokeo ya mtihani wa kitaifa: fulani ameongoza, fulani amekuwa wa mwisho. Naelewa kwa nini. Kimya cha mwaka mzima cha mtu anayelipwa mshahara wa umma ili azungumze kwa niaba ya watu ni habari nzito, na bila ripoti hii huenda wapiga kura wasingeijua kamwe. Kwa hilo pekee nawashukuru wanaoiandaa.

Lakini kuhesabu ni jambo moja na kupima ni jingine. Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuwakilisha, kutunga sheria, kugawa mapato ya kitaifa na kusimamia matumizi yake, pamoja na kuchunguza mienendo ya maafisa wa dola. Sehemu kubwa ya kazi hizo haifanyiki katika ukumbi ule wenye kamera. Hufanyika katika vyumba vya kamati, ambako ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali husomwa ukurasa kwa ukurasa na makatibu wa wizara huitwa waeleze fedha zilikokwenda. Mjumbe anayekaa katika Kamati ya Hesabu za Serikali asubuhi nzima akimhoji afisa mmoja kuhusu zabuni moja anaweza kuokoa pesa nyingi kuliko hotuba kumi za kuunga mkono hoja, lakini hesabu ya ukumbini haitamwona. Kinyume chake, kiongozi wa walio wengi, nafasi inayoshikiliwa na Kimani Ichung'wah, husimama karibu kila kikao kwa sababu ya cheo chake, kuwasilisha miswada na kupanga ratiba. Idadi yake haiwezi kulinganishwa na ya mbunge wa kawaida anayengoja macho ya Spika yamwangukie. Naibu Spika akiwa kitini huongoza mjadala, na hachangii kama wajumbe wengine. Wanaoandaa ripoti wanaujua mpaka huu wa kipimo chao. Shida ni kwamba mpaka huo haufiki kwenye vichwa vya habari, wala haufiki kwenye makundi ya WhatsApp ambako orodha husambazwa ikiwa uchi, bila sentensi moja ya maelezo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kipimo chochote kinachotangazwa humfundisha anayepimwa namna ya kukishinda. Mjumbe anayejua kwamba mwishoni mwa mwaka atahesabiwa mara alizosimama ana sababu ya kusimama kutoa rambirambi, kusimama kuwapongeza wanafunzi waliotembelea Bunge, na kusimama kuunga mkono hoja ambayo wenzake 10 wameshaiunga mkono kwa maneno yale yale. Simaanishi kwamba rambirambi hazina heshima. Zina heshima yake mahali pake. Ninachosema ni kwamba msomaji asiyefungua ukurasa wa mjumbe ili aone zile mara 60 zilikuwa za nini atampigia makofi mtu ambaye hakustahili, na aliyezungumza mara 6 tu kuhusu mswada mmoja mgumu atamwita mzembe. Ripoti ingefaa zaidi kama ingetenganisha kwa uwazi michango kuhusu miswada, maombi ya taarifa, malalamiko ya wananchi na salamu, kila aina ikiwa na safu yake.

Na kuna wakati ambapo mwananchi hataki hotuba wala hesabu yake, anataka kura. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi, kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu wiki ile lilikuwa moja: wangu alipiga wapi? Pale liliweza kujibiwa kwa sababu upigaji kura ulihesabiwa na majina yakaandikwa. Maamuzi mengi ya kawaida, hata hivyo, hufanywa kwa sauti: Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, na kumbukumbu inabaki na sentensi moja kwamba hoja imeafikiwa. Hakuna tovuti inayoweza kuonyesha kura ambayo Bunge lenyewe halikuiandika kwa majina, na sitailaumu Mzalendo kwa kasoro ya chanzo chake. Lakini pale ambapo kura imehesabiwa, ningependa kuikuta juu kabisa ya ukurasa wa mjumbe, kabla ya hotuba ya kwanza, kwa kuwa ndiyo tendo lake lisilo na tafsiri mbili.

Safu ya chama nayo inahitaji kusomwa kwa makini, si kwa kosa la tovuti bali kwa hali ya siasa zetu. Mnamo Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa vyama wa Rais Ruto, ndio walio wengi kwa wajumbe 179 dhidi ya 157 wa Azimio, muungano pinzani, akiwahesabu upande wa Kenya Kwanza wajumbe 14 wa vyama ambavyo viliingia uchaguzini vikiwa ndani ya Azimio. Februari 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo, na siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine uliofikia mahali pale pale. Kwa hiyo jina la chama lililo kando ya jina la mjumbe hueleza tiketi aliyoingilia, na haliwezi peke yake kueleza anaketi upande gani wala anapiga kura na nani. Afadhali kusoma hotuba zake tatu kuhusu bajeti.

Vivyo hivyo kuhusu viti vyenyewe. Orodha ya wabunge waliochaguliwa si jiwe. Hupungua, hujazwa, na wakati mwingine hubaki na tundu. Mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa imebaki bila makamishna, nao hawakupatikana hadi Julai 2025. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025, pamoja na wa Magarini, Ugunja, Malava, Kasipul na Mbeere Kaskazini. Watu wa Banissa walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila mtu wa kusimama ukumbini kwa jina lao. Katika huduma ya aina hii, kiti kilicho wazi kinastahili ukurasa wake, wenye tarehe kilipoachwa na siku zinazohesabika, ili kimya cha kulazimishwa kisichanganywe na kimya cha kupenda.

Nimalizie kwa lililonifanya niendelee kuitumia. Kuna ofisi moja ya eneobunge niliyoiandikia barua mara mbili kuuliza kuhusu daraja lililokatika na kuwaacha watoto wakivuka mto kwa miguu kwenda shule. Sikujibiwa. Nilipofungua ukurasa wa mjumbe husika nikakuta kwamba alikuwa ameomba taarifa bungeni kuhusu daraja hilo hilo, miezi kadhaa kabla ya barua yangu ya kwanza, na kwamba ahadi ya kujibiwa ilikuwa imetolewa ukumbini. Nilichapisha maneno hayo, nikayapeleka katika kikao cha wazazi, na mazungumzo yetu yakabadilika siku ile: badala ya kuuliza kama mbunge anajua, tukaanza kuuliza jibu aliloahidiwa liko wapi, na tukaandika ombi letu tukitaja tarehe ya kikao. Daraja bado halijajengwa. Ombi letu sasa lina ukurasa wa Hansard ulioambatishwa, na wazazi wawili wamechukua jukumu la kufungua tovuti kila Bunge linaporejea kutoka mapumzikoni, mmoja akitafuta kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza.